Mkutano wa Watumiaji Ufike Kasongo, na Uongee Kingwana

Katika kitivo chetu tunabishana sana juu ya usanifu wa lugha. Lakini kuna soko moja ambamo maneno yanachaguliwa kila siku, na sisi hatumo. Ni soko la programu za kazi ya pamoja, zile zinazowawezesha watu wa biro moja kuandikiana, kutumiana mafaili na kugawana kazi wakiwa mbalimbali. Maoni yangu ni kwamba wanaozitangaza programu hizo hawataipata Maniema ya kusini kwa mabango. Wataipata kwa kukutana na watumiaji, na katika mikutano hiyo mtu wa lugha anahitajika kuliko fundi.

Tuangalie kwanza kazi inavyokwenda kwingine. Slack ilifunguliwa kwa umma mwaka 2014, Microsoft Teams ikafuata 2017. Kampuni za namna hii zimetambua kwamba mtumiaji humwamini mwenzake kuliko tangazo. Kwa hiyo husaidia vikundi vya watumiaji katika miji mingi: mwenyeji anajitolea, watu wanakutana jioni, mmoja anaonyesha jinsi anavyopanga kazi yake, wengine wanauliza na kulalamika. Kampuni inauza bila kupiga kelele, na tena inasikia watu wanakiitaje kila kitufe. Faida hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu sisi.

Mtu atasema: Kasongo na Kabambare kuna Slack gani? Ni kweli, kwa wengi biro ni WhatsApp. Humo walimu wanapeana habari za shule, wauguzi wanaulizana dawa, wauza mchele wanapashana bei, wanachama wa likelemba wanahesabiana michango. Hiyo ni kazi ya pamoja kamili, hata kama haina jina la Kizungu. Wanatuma sauti zaidi ya maandishi, kwa sababu kusema Kiswahili chao ni rahisi kuliko kuandika Kifaransa. Watumiaji basi wapo tayari. Aliyekosekana ni wa kuwaita na kuwasikiliza.

Hasara yake inaonekana. Masharti na mafunzo yakija kwa Kifaransa au Kiingereza, anayekisoma ndiye anayekuwa mdomo wa wote. Katika kikundi chenye fedha ndani yake, jambo hili si dogo: mtunza hazina akielewa peke yake maana ya ujumbe fulani, wengine wanabaki kumwamini tu. Nimehudhuria mafunzo ya namna hii ambako msemaji alimaliza saa mbili, akagawa fulana, akaondoka. Mama mmoja nyuma yangu alisema fulana ameielewa.

Wengine watajibu kwamba dawa ni Kiswahili sanifu. Dawa hiyo ilijaribiwa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, ikathibitisha kwamba lugha yetu inaweza. Lakini neno lililotungwa Dar es Salaam halivuki Tanganyika kwa sababu tu ni sahihi. Huko mtu hununua kifurushi au bando. Kwetu hununua mega. Huko kuna kabrasha. Kwetu kuna dosie. Tazama pia neno shirika: Tanzania ni taasisi au kampuni ya umma, lakini kwa Wakatoliki wengi wa mashariki ya Kongo ni jumuiya ndogo ya waamini katika mtaa. Tangazo likisema «unganisha shirika lako», atakayelisikia atafikiri anaambiwa habari za sala.

Sisemi Kingwana kitengwe na Kiswahili kingine. Kasongo, uliokuwa mji mkuu wa Tippu Tip, ulipokea lugha hii kwa njia ya misafara, na ukaifanya yake. Katiba ya mwaka 2006 imekiweka Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Lugha ya taifa isiyosikilizwa inapotumika itabaki ya karatasi.

Kuna pingamizi moja zito: kwa nini chuo kifanye kazi ya biashara ya wengine bure? Nami nasema isiwe bure. Kampuni inayotaka maneno yetu ilipe wanafunzi wanaoyakusanya, na orodha ya maneno ibaki mali ya wote, si siri yake.

Na tusingoje kampuni. Tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani, huwa tunatoa hotuba na mashairi. Mwaka ujao tuongeze kikao kimoja Kasongo na kimoja Kabambare, hata kama barabara inatisha. Tuwaite wauguzi, walimu, wauza mchele na watu wa likelemba. Tuulize mambo matatu: mnaviitaje vitu hivi, ujumbe gani hamkuuelewa, na kosa gani liliwagharimu fedha au muda. Tuandike majibu yao kama walivyoyasema, bila kuyasahihisha. Kamusi ya kazi ya pamoja itaanzia hapo, na atakayekuja kuuza atalazimika kuisoma kwanza.