Mwili Usemao Pale Kumbukumbu Iliponyamaza

Tangu mwaka 2025 Kariakoo imeruhusiwa kufanya biashara saa 24. Tunaishukuru riziki hiyo, lakini usiku una hatari zake pia. Dada wa dukani au mgeni aliyefuata mzigo hutiliwa dawa katika kinywaji, akaamka asubuhi katika nyumba ya wageni, mwili ukiuma, asikumbuke lolote.

Sheria haimtupi. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa ni ubakaji hata pale ridhaa ilipopatikana kwa mwanamke aliyelevywa na mwanamume huyo au na mtu mwingine. Ugumu uko katika ushahidi. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni ule wa mwathirika mwenyewe. Basi aliyelevywa atasimulia nini? Mwili wake ndio unaobaki kuwa shahidi, nao hausubiri. Baadhi ya dawa hutoweka katika mkojo ndani ya nusu siku. Dawa za kukinga VVU sharti zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayookolewa ni faida.

Ndiyo maana tunasikitika tunaposikia kwamba mama, kwa huruma yake, alimwogesha binti na kumfulia nguo. Asioge. Nguo zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki; mkojo wa kwanza, akishindwa kuuzuia, uwekwe katika chombo safi. Katika Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana, Ilala, hukuta mganga, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, pamoja na fomu ya PF3.

Wapo waamini watakaouliza alikwenda baa kufanya nini. Ulevi tunaukemea, na tutaendelea; lakini aliyelala kwa pombe hajamruhusu mtu yeyote. Katekisimu, namba 2356, inaufundisha ubakaji kuwa tendo ovu daima, wala haiulizi glasi ilinunuliwa na nani.

Wengine huja kwanza parokiani kuombewa. Tuwaombee, ndiyo, tukiwa njiani kwenda hospitali. Na viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaoitwa kuyamaliza nyumbani, kwa kikao na faini, wakatae kuketi. Afadhali fedha ya kikao hicho iwe nauli ya bajaji kwenda Amana, usiku huohuo.