Tundu Lisilozibwa: Vali ya Usalama ya Boila ya Nyumbani



Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, na kila mwenye nyumba ayashike. Lakini katika nyumba yenye boila ya maji moto liko tundu moja ambalo sheria yake ni kinyume: ukiliziba, ndipo utakapojenga ukuta, kama umebaki na uhai wa kujenga. Tundu hilo ni vali ya usalama, ambayo mafundi waliosoma kwa Kifaransa huiita soupape.

Twalileta neno hili sasa kwa sababu. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Masisi mjini, na mwezi wa Machi mwaka uleule vikafika Walikale. Watu walikimbia, nyumba zikaachwa. Arudiye nyumbani baada ya miezi mingi huikuta boila imesimama kimya, baridi, ina kutu, na jambo la kwanza analolitamani ni kuwasha moto awaogeshe watoto. Hapo ndipo penye hatari. Vali iliyokaa muda mrefu bila kuguswa huweza kugandamana na kiti chake, isifunguke tena.

Kwanza tuelewe kwa nini boila huhitaji pumzi. Maji yakipata moto huongezeka. Ukipasha moto lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 60, utapata lita moja na nusu ya ziada, au zaidi kidogo. Nayo maji hayakubali kukandamizwa. Yakikosa njia ya kutokea, huzisukuma kuta za tangi.

Tena liko jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Juu ya mlima wenye metri 2,000, kama ilivyo pengi Masisi, hewa ni nyepesi, na maji hutokota kwa nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana mama wa mlimani huchoma kuni nyingi kwa maharagwe yale yale ambayo mwenzake wa Walikale, katika nchi ya chini ya msituni, huyaivisha upesi zaidi. Lakini katika chombo kilichofungwa mambo hugeuka: chini ya msukumo wa bari 7 maji hufika karibu nyuzi 170 pasipo kutokota. Tangi likipasuka wakati huo, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na kila lita iliyogeuka mvuke hudai nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Hapo ukuta wa matofali hausimami.

Aliyeitambua dawa ya jambo hilo zamani ni Mfaransa Denis Papin, mzaliwa wa pande za Blois. Mwaka 1679 aliwaonyesha wataalamu wa London chungu chake cha chuma chenye kifuniko kilichokazwa, cha kulainisha mifupa kwa mvuke. Ili chungu kisipasuke alikitia tundu dogo, na juu yake kifuniko kilichobanwa kwa mkono wa chuma wenye uzito. Mvuke ukizidi, huinua kifuniko na kutoka. Ukipungua, kifuniko hurudi mahali pake. Vali za leo hutumia springi badala ya uzito, lakini akili yake ni ile ile. Hata sufuria ya presha inayopikia maharagwe ni mjukuu wa chungu hicho.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kama boila yako ni pipa la mafuta lililojengewa juu ya meko, jua kwamba pipa hilo halikuumbwa lihimili msukumo. Usilifunge kamwe. Liwe na bomba la pumzi lipandalo kutoka kilele chake hadi juu kuliko tangi la maji baridi, kisha lipinde kichwa chini. Bomba hilo lisiwe na bilula, lisibanwe, wala lisizibwe kwa kitambaa ati kwa sababu latoa mvuke. Kutoa mvuke ndiyo kazi yake.

Kama tangi lako limefanywa kiwandani kwa kuhimili msukumo, litafute bamba lake usome namba iliyoandikwa. Vali utakayonunua isiwe na namba kubwa kuliko hiyo. Matangi mengi ya umeme yatokayo Ulaya hutumia vali ya bari 7, nayo hufungwa kwenye bomba la maji baridi liingialo tangini. Boila ya kuni yafaa iwe na vali juu kabisa, mahali pa maji ya moto zaidi, kwa maana moto wa kuni hauzimiki wenyewe kama umeme. Popote itakapowekwa, kati ya vali na tangi pasiwe na bilula yoyote. Maana siku moja mtu ataifunga bila kujua.

Bomba la kutokea liangaliwe vilevile. Lisiwe jembamba kuliko mdomo wa vali. Lishuke siku zote, lisipande, ili maji yasikae ndani na kuleta kutu. Liishie mahali pa wazi, karibu na sakafu, pasipopita watoto, na ncha yake isiwe na meno ya parafujo, asije mtu akaikaza kizibo.

Baada ya kufunga, kutunza. Mara moja kwa mwezi, boila ikiwa imepoa, inua mkono wa vali kidogo. Maji yatoke kwa nguvu, kisha yakome ukiuachia. Yasipotoka, usiwashe moto, mwite fundi. Yakitoka yasikome, huenda takataka imekaa juu ya kiti. Inua tena mara mbili tatu ili maji yaisukume nje. Matone machache wakati maji yanapopata moto si ubovu: ni ile lita na nusu inayotafuta njia. Lakini vali idondokayo mchana na usiku, hata maji yakiwa baridi, yadai kutazamwa.

Twajua shida ya vipuri. Barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi na kushuka Walikale si rafiki wa msafiri, na vali mpya huweza kukawia sana njiani. Katika kukawia huko ndipo hutokea majaribu: mmoja hupigilia kijiti tunduni, mwingine huifunga vali kwa waya, wa tatu huiondoa na kukaza boliti mahali pake. Maji huacha kudondoka, na wote husema fundi ni hodari. Twawaomba wasomaji wetu wasikubali uhodari huo. Mpaka vali ifike, pasha maji katika sufuria ya wazi. Ni kazi ndefu, lakini haiui mtu.

Na ikiwa siku moja vali inafoka mvuke kwa ghadhabu, usiikaribie kuiziba, wala usimwage maji baridi juu ya tangi. Ondoa watoto kwanza. Kama waweza kuufikia moto pasipo hatari, vuta kuni nje ya meko. Kama huwezi, kaa mbali, mwache moto ufe wenyewe. Tangi lililokauka juu ya moto lisitiwe maji mpaka limepoa kabisa.

Sufuria ya presha ina sheria hizo hizo katika udogo wake. Kila mara kabla ya kupika, inua kifuniko uelekeze tundu kwenye mwanga: ukiuona mwanga, pika. Maharagwe hutoa povu na maganda, basi usijaze kupita nusu.

Nanyi wanafunzi wa shule za bweni, mnaotumwa kuchochea moto alfajiri, muulizeni msimamizi wenu: vali iko wapi, na iliinuliwa lini? Asipojua, itafuteni pamoja naye kabla ya kuleta kuni.