Remmy Ongala naye alikuwa mgeni

Ndugu wasikilizaji wa Isangi, na ninyi familia mliokimbia makwenu,

Tangu magomvi ya Mbole na Lengola yalipoanza mwaka 2023, kuna neno linatembea sokoni na bandarini: wakimbizi ni vinywa tu vya kulishwa, na vijana wao wanaopiga gitaa jioni ni wavivu. Eti mgeni anyamaze. Mimi ninalikataa neno hilo.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Maji yanayopita Kindu ndiyo yanateremka Ubundu, Kisangani, mpaka hapa kwetu. Alibaki yatima angali mtoto. Mwaka 1978 akafika Dar es Salaam, akaingia Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya maskini na kifo, na watu wakamwita Daktari. Mwaka 1988 okestra hiyo ilipiga Ulaya katika tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka sahani yao *Songs for the Poor Man*.

SIDA ilipokuwa inaua, yeye akaimba *Mambo kwa Soksi*, akiwahimiza watu watumie kapoti. Redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo. Mgeni ndiye alisema wazi jambo ambalo wenyeji wengi waliona haya kulitaja.

Mtaniambia Remmy hakufukuzwa na vita. Ni kweli. Lakini Dar ilimpa nafasi ya kupiga gitaa kabla ya kujua atakuwa nani. Mtaniambia tena muziki haujazi sufuria. Ni kweli pia. Lakini kumnyamazisha kijana hakuongezi hata sahani moja ya sombe, na kijana asiye na kazi wala wimbo, wenye kutafuta wapiganaji watampata upesi.

Basi machifu na viongozi wa makanisa, pangeni saa za muziki ili wagonjwa na wazee walale, lakini msinyang'anye mtu gitaa. Nasi watu wa redio tuwape vijana hao dakika hewani, tusifanye kama ile redio iliyofunga mlango.

Remmy alikufa Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mpaka leo abiria wa Sinza wanashuka mahali panapoitwa "kwa Remmy". Mtoto wa Kindu amepewa jina la mahali ugenini. Sisi tunawapa nini watoto waliolala kwetu jana?