Bukavu: tufundishe watoto njia ya chupa kwa muchezo

Kila mvua ikinyesha Bukavu, chupa za plastiki na masashe vinashuka toka milimani na maji ya mitaro, vinapita Kawa, vinaingia Ziwa Kivu. Kutoka pale maji yanavipeleka Ruzizi mpaka kwenye baraji. Vinaziba mahali maji yanaingilia, mashini inasimama, na sisi wote tunalala gizani.

Hayo wakubwa tunayajua. Tunayasema kwenye salongo, kesho yake tunatupa tena. Watoto, wao tunawafukuza tu: "Toka pale, ni buchafu!" Kwa masomo wanakariri mazingira kwa Kifaransa, wanapata pointi, basi imeisha.

Sisi vijana tunasema: tuanzie kwa muchezo. Hauombi franga. Muchore na chaki njia ya maji katika kiwanja: nyumba, mutaro, Kawa, ziwa, Ruzizi, baraji. Watoto kumi wawe chupa. Watatu washikane mikono wazunguke, ndio mashini. Mumoja awe taa, asimame mikono juu. Kila chupa inayofika baraji inashika mutoto mumoja wa mashini. Watatu wote wakishikwa, taa inazima. Kisha muwaulize: ni wapi ingekuwa rahisi kusimamisha chupa? Watajibu wenyewe: nyumbani, mbele ya mutaro.

Na ule mupira wa masashe wanaotengeneza kila siku? Waufukie pamoja na ganda la ndizi, waufukue kiisha miezi mitatu. Ganda litakuwa linageuka udongo. Sashe itakuwa ingali sashe.

Lakini tuelewane. Mutoto hawezi kuokota kile serikali inaachilia. Dekre ya 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza na kuuzisha masashe ya plastiki, na bado masashe yangali sokoni. Mutoto aliyefundishwa kutotupa mutaroni atatuuliza: basi nitupe wapi? Hilo swali ni la meya na bakubwa wa komini, si la mutoto.

Kwa hiyo tunaomba: walimu, mutoe saa moja kila juma kwa muchezo huu. Komini, muweke mapipa ya takataka karibu na kila masomo, na muyamwage. Wazazi, mutoto akiwakataza kutupa chupa, musimugombeze, mumusikilize.

Na sisi wenye diplome bila kazi, wakati tunao. Mutuite, tutakuja na chaki.