Mtumbwi haupiti barabarani, tozo ya barabara ya nini?

Najua wengi mko bize na tesiti, hata mimi nina asaimenti mbili sijazigusa, lakini hili limenikaa kooni tangu Alhamisi na nisipolitema sitalala. Kwenye semina ya uchumi wa elimu jamaa mmoja alisimama akasema, tena kwa kujiamini, kwamba wavuvi wanavuna mali ya nchi bila kulipa kodi, kwa hiyo ziwa likifungwa wasilalamike. Watu wakapiga makofi! Walimu watarajiwa kabisa!

Jamani. Mimi mtoto wa Ukerewe, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye dagaa. Ngoja tuhesabu pamoja, halafu mtaniambia nani halipi.

Mtumbwi wa dagaa unaingia ziwani usiku wa giza, mwezi haupo, taa zinawashwa, injini ya kupachika inanguruma. Injini haiendi kwa maombi, inakunywa petroli. Petroli hiyo inabebwa kwa madumu kutoka kituo kilekile anachojaza mwenye Noah, na bei ni ileile. Ndani ya kila lita kuna tozo ya mafuta, na kazi ya tozo hiyo tunaijua wote: kujenga na kukarabati barabara kupitia Mfuko wa Barabara. Julai 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita, zikaelekezwa kwenye barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Chukua mtumbwi unaotumia dumu la lita 20 kwa usiku mmoja. Hiyo nyongeza peke yake ni shilingi 2,000. Ukivua siku 20 kwa mwezi ni shilingi 40,000, na bado hatujagusa tozo iliyokuwepo kabla, wala ushuru wa bidhaa. Sasa niambieni, mtumbwi umepita barabara gani?

Na msidhani anayelipa ni tajiri mwenye mtumbwi. Kwetu mzigo ukishauzwa asubuhi, kwanza yanatolewa mafuta na chakula cha kambi. Kinachobaki ndicho tajiri na vijana wake wanagawana. Maana yake yule kijana aliyekesha anavuta nyavu amekatwa tozo ya barabara kabla hajashika hata senti. Hana risiti, hana jalada la kodi, lakini amelipa. Halafu msomi anakuja kumwambia halipi!

Kuna atakayesema dagaa nao wanasafirishwa kwa barabara mpaka mjini. Kweli kabisa, ila lori lililowabeba limelipa tozo kwenye dizeli yake. Mzigo mmoja unalipia barabara mara mbili, na mara ya kwanza ulikuwa bado majini.

Tuwe wakweli, serikali haijakaa bure. Sheria ya VAT ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, imesamehe VAT kwenye nyavu za kuvulia na injini za kupachika. Asilimia 18 si ndogo, nawapongeza. Lakini msamaha huo unamfikia anayenunua injini. Kijana wa mgawo hanunui injini. Mama anayeanika dagaa mchangani hanunui injini. Na ukileta nafuu ya kodi ya mapato ndiyo hatumfikii kabisa, maana huwezi kumpunguzia kodi mtu ambaye hana hesabu unazoweza kupunguza. Kodi anayolipa kweli ni ile iliyojificha ndani ya dumu, na hiyo hakuna anayemrudishia.

Wenzetu wameshaliona hili. Marekani mvuvi wa biashara anaruhusiwa kudai nafuu ya kodi ya mafuta yaliyotumika kwenye boti yake ya uvuvi, kwa sababu mafuta hayo hayakuchosha barabara. Tena tangu mwaka 1950 wana sheria inayopeleka kodi ya vifaa vya kuvulia samaki kwa burudani kwenye utafiti na utunzaji wa samaki, na mwaka 1984 wakaongeza humo kodi ya mafuta ya boti. Kilichotoka majini kinarudi majini. Hawaweki askari kwenye kila pampu, wanakadiria tu.

Na sisi tunaweza kukadiria. Ziwa Victoria kuna sensa ya uvuvi tangu mwaka 2000, inahesabu mitumbwi na injini mwalo kwa mwalo. Tukijua injini ngapi na zinavua siku ngapi, tunajua lita, na tukijua lita tunajua deni. Likishajulikana lirudishwe ziwani, nusu kwa nusu.

Nusu ya kwanza iende TAFIRI. Hii ni taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina vituo Mwanza, Kigoma, Kyela na Sota. Hawa ndio wanaotakiwa kutuambia samaki wamebaki kiasi gani, wanazaliana lini, nyavu za matundu gani zinafaa. Ukifunga ziwa bila takwimu za kutosha, mvuvi anaona umemwonea. Ukiwa nazo, mnaweza kukaa mwaloni mkaelewana.

Nusu ya pili iwe mfuko wa siku ziwa linapofungwa. Mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane? Sipingi kufunga. Ziwa lisilopumzika litatuacha na maji matupu. Ila kwa mtu wa mgawo, miezi mitatu bila kuvua ni miezi mitatu bila mgawo, na tumbo halina msimu wa kufungwa.

Kaka mmoja wa uchumi ataniambia kupunguza bei ya mafuta ya uvuvi kunaongeza uvuvi wa kumaliza samaki. Yuko sahihi! Ndiyo maana dunia ilikubaliana mwaka 2022 kule WTO kuhusu ruzuku za uvuvi, na makubaliano yakaanza kufanya kazi Septemba 15, 2025. Lakini nisomeni vizuri: sijasema petroli iuzwe rahisi. Bei ibaki ileile. Kwa hiyo hakuna atakayepata faida kwa kuvua zaidi, na hakuna bodaboda atakayejifanya mvuvi ili ajaze tenki kwa bei poa. Fedha irudi kwa jamii, na sharti liwepo: jina lako liko kwenye daftari la BMU, nyavu zako ni halali, na samaki wako wanapimwa na kuandikwa wanaposhushwa. Hizo rekodi nazo ni utafiti tosha.

Kwa nini mwalimu mtarajiwa anapigia kelele mafuta ya boti? Waliokwenda fildi shule za visiwani wanajua. Samaki wakikosekana, michango ya chakula inakwama, na madawati ya nyuma yanaanza kuwa wazi kwa sababu wavulana wameshuka mwaloni kutafuta kibarua. Tutaandaa azimio la kazi na andalio la somo, zana tutachora kwa mkono, halafu tufundishe nani?

Mvuvi analipa. Analipa kila usiku, gizani, lita kwa lita. Anachodai ni kwamba kodi ya ziwani ifanye kazi ziwani. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, ila aje na hesabu, makofi tumeshayasikia.

Naomba kuwasilisha.