Waraka kwa Wanachama: Nafuu ya Kodi na Ndugu Zetu Wasio na Hati ya Mshahara

Ndugu zangu wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo, Makutupora,

Ninawaandikia kwa upendo, na kwa moyo mzito. Katika kikao kilichopita tulikubaliana kupeleka maoni yetu juu ya kodi kabla bajeti ya Serikali haijasomwa mwezi Juni. Rasimu iliyoletwa mbele yetu inaomba jambo moja tu, kodi ya mshahara ipunguzwe, nami ombi hilo naliunga mkono. Kilichonihuzunisha ni kwamba ndugu mmoja aliposimama kuuliza vibarua wa mashamba ya zabibu wameandikwa wapi, alijibiwa kwamba hao hawalipi kodi, na ukumbi ukapiga makofi. Wenye kupiga makofi na hao waliosemwa hisa zao zimo katika daftari moja.

Naomba tulitafakari jambo hili pamoja, bila haraka. Mei Mosi ya 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kitashuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Walimu na wauguzi wetu walifurahi, na walistahili kufurahi. Lakini tupige hesabu. Kiwango kile kinagusa sehemu ya mshahara iliyo kati ya shilingi 270,000 na 520,000. Basi mwenye mshahara wa kutozwa kodi wa 320,000 alipata nafuu ya shilingi 500 kwa mwezi. Mwenye 520,000 alipata 2,500, na mwenye milioni tatu naye akapata 2,500 ileile. Mwenye watoto sita na asiye na mtoto walihesabiwa sawa. Mama anayepogoa mizabibu kwa ujira wa siku, ambaye mwezi mzima hafikishi 270,000, hakupata kitu, kwa kuwa katika kodi ile hakuwa na cha kupunguziwa. Kisha tarehe 15 Julai mwaka huohuo ikaanza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, na hiyo ilimkuta yeye pia. Wananchi walilalamika, ikapunguzwa mwezi Septemba kwa asilimia 30, na mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa, lakini ya kutoa ikabaki. Kibarua hupokea hela ya mwanawe aliyeko mjini kwa simu, na dukani bado anahitaji noti mkononi.

Ni nani basi aliyesema kwamba hawa hawalipi kodi? Kipande cha sabuni na kilo ya sukari vina asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani ndani ya bei. Mwaka 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na nauli ya bodaboda haikuikwepa. Mwaka huohuo saruji iliwekewa shilingi 20 kwa kilo, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, na aliyekuwa akijenga chumba kimoja cha matofali kwa miaka mitatu aliilipa sawasawa na mwenye ghorofa. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo mpangaji anayenunua umeme humlipia kwanza mwenye nyumba. Anayelipa haya yote hapewi karatasi moja ya kumwonyesha jumla ya alichokatwa. Kwa kuwa hakuna karatasi, sisi wenye karatasi tumeanza kuamini kwamba hakatwi. Ndugu zangu, hilo si haki.

Tujifunze pia kutoka kwenye zao letu wenyewe. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko mvinyo mwingine. Ni sera njema, na Dodoma tunaijua faida yake. Hata hivyo, nafuu ile hutolewa kiwandani. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mnunuzi kuongeza bei ya kilo ya zabibu shambani, wala ujira wa anayepalilia. Linganisheni na mwaka 2017, ushuru wa mazao ulipopunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara: huo uligusa mzigo wenyewe wa mkulima unapouzwa. Tukiomba nafuu, tuulize inapita mlango gani. Marekani tangu 1975 ina utaratibu, na Uingereza ilikuwa nao kwa zaidi ya miaka 20 tangu 2003, wa kuirudishia fedha familia inayofanya kazi kwa kipato kidogo, hata kama kodi yake ilikuwa ndogo kuliko nafuu yenyewe. Sisemi tuige. Kwetu wengi hawana hata namba ya mlipakodi, na utaratibu wa namna hiyo ukianza kesho utawafikia walewale walioajiriwa. Lakini mfuko wa Serikali wa TASAF umekwisha kuzipata kaya maskini kijiji kwa kijiji na kuzifikishia ruzuku, kwa hiyo asituambie mtu kwamba njia haipo.

Chama hiki tulikijenga juu ya msingi kwamba mwanachama ni mwanachama, na kura ni moja kwa kila mtu. Mnakumbuka akiba hutoka wapi. Fedha za mavuno ya Februari na Machi, na zile za Agosti na Septemba, huingia kwa mafungu madogo kutoka kwa wakulima na vibarua. Ikifika Januari, walimu na wafanyakazi wa ofisi ndio wanaopanga foleni ya mkopo wa ada na sare. Tukimwita mtu ndugu anapotudhamini mkopo, kisha tukamsahau tunapoandika barua kwa Serikali, tumevunja ahadi tuliyoiweka siku ya kusaini fomu ya uanachama. Na watoto wetu wengi, hata wa walimu, wataishi bila hati ya mshahara. Barua hii ni yao pia.

Bunge lipo hapahapa Dodoma, na Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha. Napendekeza rasimu irekebishwe. Ombi la wafanyakazi libaki, lakini liwe la kupandisha kile kima cha 270,000 kilichowekwa mwaka 2020, maana kukipandisha kutamgusa zaidi mwenye mshahara mdogo anayetozwa, ukilinganisha na kipato chake. Yaongezwe maombi ya kufuta tozo ya kutoa fedha kwa miamala midogo, na ya kumwondolea mpangaji kodi ya jengo. Katibu atasoma rasimu mpya mbele yenu katika kikao kijacho. Nawaomba wenye mishahara wafike, na kila mmoja aje na kibarua au mkulima mwanachama anayeketi jirani naye, ili vibarua na wakulima ndio waanze kuzungumza.

Wenu katika ushirika,
Mwenyekiti