Kiwanja cha Kampala: jina la nani liko kwenye hati?



Wengi wetu tuna mtoto, dada au shemeji anayeishi Kampala. Wengine wanafika huko kwa biashara. Pesa ya likelemba ikikusanyika, wazo linakuja: tununue kiwanja huko, tujenge nyumba ya kupangisha, watoto wapate karo. Wazo si baya. Lakini kabla ya kutoa hata dola moja, tujue sheria ya wenyeji.

Uganda, mgeni hanunui ardhi; ananunua miaka. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 1998 inamruhusu asiye raia kupata mkataba wa kupanga ardhi tu, usiozidi miaka 99. Mkataba wa miaka 5 au zaidi lazima uandikishwe katika ofisi ya ardhi. Tusishangae. Hata kwetu, sheria ya mwaka 1973 inampa Mkongomani konsesyo ya kudumu, lakini mgeni anapewa ya muda.

Kwa sababu hiyo, wengine wanatafuta njia ya mkato: wanaandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au mchumba aliye raia. Hapo ndipo pesa inapotelea. Serikali inamjua yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Siku mkigombana, au siku akifa, ndugu zake watakuja na hati, na wewe utabaki na risiti za simenti. Utamwambia nini jaji? Kwamba mlipatana kuzunguka sheria?

Kuna mtego mwingine. Kampala na sehemu kubwa ya Buganda kuna ardhi inayoitwa mailo, iliyotokana na mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Hapo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na watu wawili: mwenye hati, na yule anayekaa juu yake. Sehemu ya huyu wa pili inaitwa kibanja. Anayeuza kibanja hauzi ardhi yenyewe, na anahitaji ruhusa ya mwenye hati. Ukioneshwa karatasi yenye muhuri wa kiongozi wa mtaa peke yake, ujue hiyo si hati.

Basi, mama, fuata hatua hizi:

1. Omba namba za hati, uzipeleke ofisi ya ardhi. Uliza mwenye kiwanja ni nani, na kama kuna deni la benki au kesi juu yake.

2. Tafuta avoka wako mwenyewe. Avoka wa muuzaji anamlinda muuzaji.

3. Lipa mpima ardhi aoneshe mipaka, ili usijenge kwa jirani.

4. Uliza juu ya bibi au mume wa muuzaji. Kwa sheria ya Uganda, ardhi ambayo jamaa inakaa au inapata chakula chake haiuzwi wala kupangishwa bila kibali cha mwenzi. Mama wa nyumba ile asipokubali, mapatano yanaweza kuvunjwa. Tena, tusinunue machozi ya mama mwenzetu.

5. Lipa kwa benki, si mkononi, na kila malipo yawe na karatasi.

6. Jina lako liandikwe kwenye mkataba. Kama pesa ni ya mume na bibi, majina yote mawili yaandikwe. Watoto wajue karatasi ziko wapi.

Kama pesa ni ya kikundi, andikeni kwanza kila mmoja ana sehemu gani. Na mkiunda kampuni huko, mjue: ikiwa wageni ndio wenye sehemu kubwa, sheria inaihesabu nayo kuwa mgeni.

Katika mkutano wenu wa wiki hii, ongeeni swali hili: nyumba tunazokaa sasa, hapa kwetu, jina la nani liko kwenye hati? Mwenye kujibu vizuri hapa, hatadanganywa haraka kule.